Mmekata Majina ya Chini

Mmeniomba niwaandikie habari za blogi za kwanza za mji huu. Landri, huyo anayesimamia ukurasa wenu, alikuja nyumbani kwangu Buyenzi, kijana mwenye adabu zake, akavua viatu mlangoni, akanywa chai yangu, akasema: "Mama Ashura, we ndiyo mwanzilishi. Vijana wanataka kujua mulianza namna gani. Andika tu kitu kitamu, na kicheko kidogo." Nikamwambia sawa. Wakati ule nilikuwa sijaona mlichokiweka kwenye ukurasa huo siku chache kabla ya yeye kuja. Sasa nimekiona. Kwa hiyo historia mtaipata, na kicheko kitakuwepo maana nimeishi na watu wa Buyenzi maisha yangu yote, lakini utamu katafuteni dukani.

Nina hasira. Nasema mapema ili asije mtu akafika katikati akauliza bibi huyu kaumwa na nini.

Mmechukua ukurasa wa blogi yetu ya zamani, mkapiga picha kipande. Kipande chenyewe ni maneno ya mtu asiye na jina, anasema ndagala wa Bi Mwajuma wanapuliziwa dawa ya mbu ili nzi wasitue. Juu mkaandika "Vituko vya blogi za kwanza". Mkatia vichwa vinavyocheka mpaka machozi. Na chini mkamalizia kwa methali, eti "Lisemwalo lipo". Lipo wapi? Nani kati yenu alikwenda kuangalia kama lipo?

Kwa wasomaji wa mbali, ndagala ni hawa samaki wadogo wa ziwa letu, wengine huwaita dagaa. Na Bi Mwajuma si kituko. Ni mama mtu mzima, amechoka miguu, yuko nyumbani. Meza yake ya sokoni anaisimamia mjukuu wake Zuhura, na nyumba yote ile, wakubwa kwa watoto, inakula kutoka kwenye meza hiyo. Hawana shamba, hawana mshahara wa serikali. Wana meza na jina. Jina likichafuka, meza inabaki mbao tu.

Basi nianze na kazi, maana bila kuijua kazi ile hamtaelewa mlichokata.

Mimi nilikuwa mpiga chapa. Nilianza kwenye sekretaria, vile vibanda vya mashine ya kuandika, mtu anakuja anasimulia na wewe unamwandikia barua. Barua ya kuomba kazi, barua ya kumlalamikia mwenye nyumba, barua ya posa. Baba yangu alikuwa mtu wa Ujiji, aliniwekea Kiswahili cha kitabu kichwani kwa fimbo, ndiyo maana naweza kuwaandikia hivi. Lakini nikikasirika zaidi ya hapa kitanitoka cha Buyenzi, mnisamehe au msinisamehe. Baadaye patroni wangu, mwenye kibanda, akaondoa mashine za chapa, akaleta ordinateri, yaani kompyuta, kibanda kikawa siber, watu wanalipia intaneti. Wakubwa wenzangu waliikimbia, walisema panya ya ordinateri inawapa kizunguzungu. Mimi nikabaki.

Patroni alikuwa na mpwa wake, Deo, mwanafunzi wa chuo, miguu mirefu, maneno marefu zaidi. Siku moja asubuhi akaja mbio. "Mama Ashura, kuna kitu kinaitwa blogi. Unaandika hapa, dunia inasoma."

"Dunia gani?"

"Yote!"

"Na watu wa avenue yetu?"

Hapo ndipo ilipokuwa shida, wanangu. Konekisheni ilikuwa nzito, unafungua ukurasa, unakwenda kuteka maji, unarudi, picha imeshuka mpaka kwenye nyusi. Nani wa Buyenzi angekaa kulipia hilo? Blogi zilizokuwepo wakati ule ziliandikwa Kifaransa, na nyingi ziliandikwa na watu walio Ulaya, wanatueleza sisi tulioko hapa jinsi tunavyoishi. Hakuna hata moja iliyosema meli ya mizigo ya Kigoma imefunga bandarini, wala bomba la maji limepasuka wapi, wala nani kafiwa na mazishi saa ngapi. Nikamwambia Deo, kama tunaandika, tunaandika hayo, na tunaandika kwa Kiswahili.

Akashtuka kama nimemwomba atembee uchi. Mjini hapa, wakati ule, Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na gereji. Ukikisema mbele ya mtu wa ofisi anashika mfuko wake. Bwana mmoja alituandikia, kwa Kifaransa kizuri sana, kwamba tunadhalilisha intaneti. Nimekasirika siku ile na bado nimekasirika leo! Lugha ninayomwombea mama yangu dua, wewe unaiona ya wezi? Tukaendelea kuandika. Yeye naye akaendelea kusoma, maana kila wiki alileta lawama mpya, na mtu asiyesoma hawezi kulaumu mstari kwa mstari.

Sasa sikilizeni jinsi tulivyofanya, maana hili hamkulitia kwenye ile historia yenu. Kila nilipoandika kitu kwenye blogi, nilikichapa kwenye karatasi, nikaacha pembeni pana, nikakibandika kwenye ubao ukutani kwa nje, chini ya bati ili mvua isifike. Kalamu nikaining'iniza kwa uzi. Watu wanapita, wanasoma, mwenye la kusema anaandika pembeni ya karatasi na kutia jina lake. Jioni nabandua, naketi, navipiga vyote kwenye blogi kama maoni, jina kwa jina. Kesho yake Mrundi aliye Kanada anamjibu muuza vipuri wa avenue ya saba, nami nachapa jibu narudisha ukutani. Hivyo ndivyo blogi yetu ilivyosomwa na watu ambao hawajawahi kugusa ordinateri. Kalamu ziliibwa kila mara, lakini huo ndio ulikuwa mchango wangu kwa fasihi.

Vituko mlivitaka? Vilikuwepo, na wala havikuhitaji kumchafua mtu. Mtu mmoja alidhani ukuta ni posta. Pembeni ya habari ya bei ya saruji akaandika: "Mama Rehema wa Kigoma, ile sukari uliyosema mbona haijafika, mimi mumeo." Nikaipiga kama ilivyo. Mkewe aliisoma Kigoma, akajibu kwamba sukari aliituma, aulizwe yule aliyekuwa naye Jumamosi. Wiki nzima ukuta ulijaa mpaka nikaongeza karatasi.

Deo naye, na utundu wake wa kupamba, akatia muziki kwenye blogi. Ukifungua tu, unalia wenyewe. Hakuniambia. Siku hiyo nafungua ukurasa mbele ya wazee waliokuja kuandikiwa barua, spika zote wazi, na msikitini jirani ndiyo kwanza adhana inaanza. Zouk ikaingiana na adhana! Nilitafuta pa kuzimia sikuona, nikachomoa waya wa umeme ukutani, siber nzima ikalala. Mzee mmoja akasema: "Ashura, intaneti yako ina shetani." Nikamwambia ndiyo, ana miguu mirefu, anasoma chuo.

Na kuna siku niliandika kwamba meli ya chumvi imefika, kwa sababu wakala mmoja wa forodha aliniapia kwa simu. Wapagazi wakashuka bandarini kwa wingi, wakakaa juani mpaka jioni wakitazama maji. Meli haikuwa hata imeng'oa nanga Kigoma. Walirudi kwangu, wakapanga foleni kwenye kalamu, na walichokiandika pembeni siwezi kukirudia, nimeshahiji. Lakini nilikipiga chote kwenye blogi, pamoja na majina yao. Tangu siku hiyo sikuandika meli ambayo sijaiona kamba yake imefungwa. Hii ndiyo kazi yenyewe, wanangu, mengine ni mapambo. Kabla hujamwandika mtu, nenda mpaka mlangoni kwake, piga hodi, mwambie nataka kukuandika hivi. Akikutukana, andika na tusi. Na kabla hujabandika, soma kwa sauti, sikio linashika uongo ambao jicho limeuruka.

Uzuri wa ukuta ni kwamba anayeandika anaonekana. Unashika kalamu, nyuma yako amesimama shemeji yako, pembeni yako imamu, mbele ya duka kuna mtu anakudai. Mkono unafikiri kabla ya kuandika. Hata mwenye matusi anachagua tusi ambalo yuko tayari kulijibia.

Kisha Deo akafungua maoni. Maana yake mtu akiwa mbele ya ordinateri yoyote anaweza kuandika moja kwa moja, bila kupitia kwangu, na asipotaka kutia jina basi panaandikwa "Asiyejulikana". Nilimuuliza kwa nini. Akanionyesha chini ya ukurasa, palikuwa na kihesabu kinachoonyesha wageni walioingia. Alikuwa anakipenda kile kihesabu kuliko mchumba wake. Aliketi anafungua na kufungua tena ukurasa ili tu akione kinapanda, na nusu ya wageni wale alikuwa yeye mwenyewe.

Hapo ndipo Asiyejulikana alipoandika kuhusu Bi Mwajuma.

Habari yenyewe ilikuwa ya kawaida, nilikuwa nimeandika kwamba ndagala wamepatikana kwa wingi. Chini yake likaja lile neno: msinunue kwa Mwajuma, anapuliza dawa ya mbu. Mji wetu mnaujua. Neno la sumu hapa halitembei, linaruka. Kesho yake wanunuzi walipita mbele ya meza yake wamegeuza shingo. Keshokutwa hata salamu hawakutoa. Ndagala walilundikana mezani kwake, akawa anawapepeta na kuwapepeta tena, maana mtu akikaa bure sokoni wanasema ameshakubali.

Alikuja siber na kanga yake ya kazi, inanuka samaki, wateja wakasogea. Akaketi bila kuombwa.

"Ashura, mi sisomi. We nisomee, na usiruke hata neno moja."

Nikamsomea.

"Ameandika nani?"

"Haionyeshi, da Mwajuma. Hakutia jina."

"Mutu gani hana jina? Alizaliwa hana baba, hana mama, hata jirani wa kumuita hana?" Akaigonga ile skrini kwa ukucha. "Muulize alinunua kwangu siku gani. We si ndiyo uko na hii mashine? Muulize!"

"Hawezi kujibu."

"Basi kwa nini anaweza kusema?"

Nimefanya kazi hii mpaka macho yamekufa, na hilo swali sijapata wa kulijibu. Mkikutana na aliyebuni mambo haya mumuulizie.

Nikamwendea Deo, kwa kuwa neno la siri la blogi alikuwa nalo yeye peke yake, mimi nilipiga tu akishanifungulia. Nikasema futa. Akasema: "Apana, Mama Ashura. Leo ukifuta ya huyu, kesho utafuta ya mwingine. Ndiyo uhuru huo. Na angalia, watu wanaingia!" Na kweli kihesabu kilikuwa kinapanda. Nilimtukana, kisha nikamtukania na chuo chake. Hakufuta.

Nikarudi kwenye ukuta wangu. Nililichapa lile neno la Asiyejulikana kwa herufi kubwa, nikalibandika katikati ya ubao, na chini yake nikaandika: ALIYEANDIKA AJE ATIE JINA. Nikaning'iniza kalamu mpya. Kisha nikatoa kiti changu nje nikakaa karibu yake, mikono nimefumbata.

Avenue nzima ilikuja kutazama. Hakuja mwenye kutia jina. Watu wakawa wanasoma, wanatazamana, wanatazama kalamu. Mwisho akatoka Mzee Kassimu, fundi wa giaboksi kwenye gereji ya kona, mikono myeusi mpaka viwikoni. Akaishika kalamu, akaandika taratibu huku anajisomea: "Mimi Kassimu. Ndagala wa Mwajuma nimekula tangu nina meno yote. Meno yametoka kwa uzee." Akatia sahihi yake, na alama ya oili ikabaki juu ya karatasi.

Baada yake walikuja wengine. Mama mmoja karani wa ofisi za Kigobe, Mkristo, msalaba shingoni, akaandika kwa Kirundi kwamba ananunua kila Ijumaa na watoto wake wako shuleni, wazima. Wapagazi wale wale walionitukana walikuja. Na wasiojua kuandika je? Hao ndio walionitoa machozi. Kassimu alileta kikopo cha oili chafu ya gari, mtu anachovya dole gumba, anagandamiza kwenye karatasi, kisha ananiambia mimi jina lake. Karatasi ikawa nyeusi kama aproni ya gereji.

Deo aliitazama kutoka mlangoni. Jioni ile alikaa nami tukapiga yote kwenye blogi, chini ya lile neno, jina kwa jina. Madole yalitushinda. Dole unaliandikaje? Mwisho nikaandika: "Hili ni dole la Mama Salima, mimi Ashura nimeliona likigandamizwa." Na kila dole hivyo hivyo. Deo akaniuliza kama bado nataka afute lile la juu. Nikasema liache. Yeyote atakayelisoma atashuka chini, atakutana na watu. Wakati ule waliosoma walishuka mpaka chini, konekisheni ilikuwa imewagharimu, hawakuacha hata nukta. Wanunuzi walirudi mezani kwa Bi Mwajuma mmoja mmoja, na wa kwanza kurudi alikuwa jirani aliyekuwa wa kwanza kugeuza shingo.

Mengine mnayajua. Simu zikaja, kila mtu akawa na ukuta wake mfukoni. Siber ikafungwa, pale kwenye ubao wangu wamepaka rangi wakachora tangazo. Habari zikawa fupi, zikawa fupi zaidi, kisha zikawa picha, kisha zikawa video za mtu anapiga kelele ndani ya gari. Siwalaumu kwa hilo, kila kazi na zama zake, hata mimi niliiua mashine ya chapa. Deo sasa ni mkubwa ofisini, ana tumbo. Nilimpigia wiki iliyopita, aingie kwenye blogi ile. Kasahau neno la siri! Kichwa kilichobeba uhuru wa dunia nzima kimeshindwa kubeba neno moja.

Basi blogi bado ipo huko hewani, yatima, na ninyi mkaikuta. Hilo tu lingenifurahisha, wallahi. Mngeweza kuonyesha madole. Mngeonyesha Kassimu, Mungu amrehemu. Lakini mlifika pale, mkaona neno la Asiyejulikana, na chini yake majina ya watu wazima waliosimama juani kulikanusha, mkachukua kidole mkakata pale pale kwenye mstari. Juu mkabakiza, chini mkatupa.

Nilimwita Landri. Alikuja, mara hii sikumpa chai.

"Kwa nini mlikata?"

"Mama, picha ndefu watu hawasomi. Tulikata ili iingie vizuri kwenye simu."

"Na majina je?"

"Yalikuwa mengi, Mama. Na tuliandika ni mambo ya zamani, ni kicheko tu."

"We mutoto, mteja wa ndagala anajua tarehe ya sumu? Anauliza ni ya mwaka gani?"

Akainamisha kichwa. Akasema wameshafuta. Mmefuta kwenu! Mimi nimeshaletewa na watu wa Gihosha, na wa Uvira ng'ambo, na dada yangu aliye Kigoma, kila mmoja ananiuliza, huyu si yule Mwajuma wenu? Maji yakimwagika hayazoleki. Na mnajua Landri akaongeza nini, akiwa na moyo safi kabisa, nataka kuamini? "Tunaweza kuja na kamera tumhoji Bi Mwajuma ajitetee. Hiyo itapata watu wengi sana." Astaghfirullah! Mwizi akuvunjie nyumba, kisha akuombe umshikie taa. Nilimwonyesha mlango, na viatu vyake nikamtupia.

Mlinitaka niwaandikie tulivyotangulia sisi. Nimeandika. Msinikate. Sitaki samahani ya vichwa vinavyolia. Nataka muweke ukurasa ule mzima, kutoka juu mpaka dole la mwisho, uwe mrefu kama reli, asiyetaka kusoma aache. Na kama hamjui kwa nini nabishana na watoto wadogo kwa umri wangu, nawaelezea nilichokiona juzi.

Nilikwenda sokoni asubuhi. Nilimkuta Zuhura amesimama kwenye meza, na mbele yake mama mmoja simjui, kikapu mkononi, hanunui, haondoki. Mnajua desturi ya nchi hii, mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, kuonyesha haina sumu, ndipo humpa mrija. Sisi wa Buyenzi pombe hatunywi, lakini hata uji na mchuzi tunaonja hivyo, ni adabu ya mwenye nyumba, na hufanywa kwa kicheko, maana hakuna anayemshuku mwenzake. Yule mama akasema: "Anza we." Hakucheka. Zuhura akachota ndagala kidogo, wakavu wa jua, hawajapikwa, wenye mchanga na chumvi, akatia mdomoni. Akatafuna. Yule mama anamtazama koo. Alipomeza, akafungua mdomo wazi, kama mtoto kwa daktari, mama akachungulia, ndipo akanyoosha kikapu.

Akaja mwingine. Vile vile. Akaja wa tatu, huyo akasema apana, asile wale wa juu, ale wa chini. Akawatoa wa chini.

Nilisogea mimi. Zuhura nimempakata akiwa na siku saba, jina lake nimelisikia likisomwa sikioni mwake. Midomo ilikuwa imempasuka kwa chumvi. Nikasema, "Mwanangu, nipimie wa kutosha mchuzi." Akashusha mkono kwenye rundo, akachota, akatia mdomoni mwake, akaanza kutafuna huku ananitazama.

"Zuhura," nikamwambia, "ni mimi."

Akaacha kutafuna, mashavu yamejaa. Alimeza kwanza, kwa shida, akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Najua, Bibi," akasema. "Nimeshazoea."

Kisha akafungua mdomo, akanionyesha.